Mdokozi Aingia Gazetini

Jina la Mdokozi alipewa na dada yake, tena kwa haki. Tangu wakiwa watoto, dada alikuwa wa kupika na yeye alikuwa wa kufunua sufuria. Chakula kikiwa bado kinatokota, mkono wake ulikuwa umeshaingia na kutoka, na ulimi umeshaungua. Alichapwa, akasemwa, akafichiwa mpaka vijiko, wapi! Mwishowe nyumba nzima ikamzoea na jina likamganda. Hata alipoolewa, mumewe, fundi saa mpole mwenye maneno machache, alimwita hivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba mtu aliyependa kula kiasi hicho hakujua kupika hata chembe. Wali wake uliweza kuungua chini na kubaki mbichi juu, ndani ya sufuria moja. Nyumbani kwake jiko lilikuwa la mumewe. Kazi yake yeye ilikuwa cherehani. Alishona kola za sare za shule katika chumba kirefu chenye madirisha ya juu, pamoja na wanawake wenzake, na humo ndimo mambo yalimoanzia.

Mshona vifungo, aliyekaa jirani yake, aling'olewa magego akawa hali kitu isipokuwa uji wa vuguvugu. Saa ya chakula cha mchana alikaa akiwatazama wenzake wakitafuna, uso umemshuka.

"Mdokozi," alisema, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo, "jana ulikula nini? Nisimulie, na mimi nile kwa masikio."

Mdokozi akamsimulia samaki wa kukaanga. Alieleza ngozi ilivyolia chini ya meno, mfupa mwembamba ulivyojificha kwenye shavu, na yeye na mumewe walivyogombania kichwa, mume akashindwa kwa upole wake. Mshona vifungo alifumba macho, akameza mate.

"Maneno haya unayamwaga bure hapa," alisema. "Yapeleke gazetini."

Wenzake wakacheka. Mdokozi naye akacheka, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Gazeti la Jumamosi lilikuwa na ukurasa wa chakula, na aliujua vizuri, maana alikuwa akiusoma kabla ya habari za serikali.

Basi akakaa mezani. Alipoishika kalamu tu, akawa mtu mwingine. Aliona kuandika ni kama kwenda arusini, huendi na kanga ya jikoni. Akayapamba maneno mpaka yakashindwa kutembea: "Ewe mchuzi, malkia wa meza, unayeng'ara kama jua la asubuhi!" Alipowasomea wenzake waliitikia, "Vizuri, vizuri," wala hakuna aliyeondoa mguu kwenye cherehani. Mashine ziliendelea kunguruma. Akaipeleka makala gazetini hivyo hivyo. Jumamosi ikaja, hakuna kitu. Akapeleka nyingine, hii ikiwa na malkia na mfalme. Kimya. Siku moja akaomba ruhusa ya mchana, akapiga moyo konde, akapanda ngazi za ofisi ya gazeti.

Mhariri wa ukurasa ule alikuwa mwanamke mwembamba, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anatafuna biskuti huku akisoma. Aliitafuta makala ya Mdokozi katika rundo la karatasi, akaipata, akausoma mstari wa kwanza kwa sauti.

"Huyu malkia," aliuliza, "ana ladha gani?"

"Mtamu," alijibu Mdokozi.

"Tamu vipi? Tamu ya kitunguu au tamu ya nazi? Mama, umenisifia chakula mpaka hamu imeniisha. Kila kitu hapa kitamu, kitamu sana, kitamu ajabu. Umetia chumvi kila mahali. Haya, niambie tu, leo asubuhi umekula nini?"

Mdokozi akaona aibu, kwa sababu hakukuwa na la kujivunia. "Mkate wa jana."

"Ehe?"

"Ulikuwa umekauka kingo. Nikauchovya kwenye chai, nikachelewa kuutoa, ukakatika ukazama. Nikaufuata kwa vidole. Chai ilikuwa ya moto, lakini nisingeuacha. Ulipofika mdomoni haukuwa mkate tena wala haukuwa chai, ulikuwa kitu laini ambacho hata mtoto asiye na meno angekila, na pale mwisho kukabaki chembe za sukari, nikazitafuna."

Biskuti ya mhariri ilikuwa imesimama njiani. "Huyo ndiye ninayemtaka," alisema. "Yule mwenye malkia mwache nyumbani."

Mdokozi alishuka ngazi kama aliyepewa mabawa, akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Alichoandika kilirudi kimejaa wino mwekundu. "Hapa umekula au umesikia?" "Harufu ya nini?" "Aya hii nzima iondoe, unajisifu." Mara nyingine alirudi nyumbani akijikaza kisabuni, akaenda kulia bafuni. Mumewe alikuwa akimwekea sahani mezani bila kuuliza kitu, naye baada ya kilio alitoka na kula, na akila alijikuta anatafuta maneno tena.

Akagundua kwamba anajua chakula kinapofika mdomoni tu. Kinakotoka hakujui. Basi Jumapili akawa anakwenda kwa dada yake, ambaye sasa alikuwa na mkahawa mdogo wenye meza za mbao na dirisha la kupitishia sahani. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya jiko, akiuliza.

"Dada, kwa nini umepunguza moto?"

"Sikiliza. Husikii?"

"Nisikie nini?"

"Kitunguu. Kikiwa na maji kinapiga kelele. Kikianza kunong'ona kimeiva. Ukingoja kinyamaze, umeshaunguza. Na usogee, unanizibia njia!"

Mdokozi alisogea, akafumba macho, akasikiliza. Mara ya kwanza hakusikia ila mafuta. Jumapili iliyofuata alisikia kelele, kisha mnong'ono, akapaza sauti, "Sasa!" kabla dada hajanyoosha mkono. Dada alimtazama, akatikisa kichwa, akatabasamu kwa siri akiwa amegeukia sufuria.

Hapo ndipo alipoiandika makala yake ya kweli, juu ya supu ya dengu ya dada. Aliandika vitunguu vinavyonong'ona, mvuke unaopofusha dirisha, wateja wanaopangusa sahani kwa mkate mpaka ua lililochorwa chini linaonekana. Na kwa kuwa mhariri alimkataza kudanganya, akaandika pia jambo ambalo familia nzima ililijua na hakuna aliyethubutu kulitamka: dada akigombana na mtu asubuhi, mchana supu huwa na chumvi.

Alipowasomea wenzake kazini, cherehani ya mshona vifungo ilinyamaza kwanza. Ikafuata ya nyuma yake. Alipofika kwenye ua la sahani, chumba kizima kilikuwa kimya, mpaka msimamizi akatoka ofisini kuangalia kama umeme umekatika.

"Hiyo itatoka," alisema mshona vifungo.

"Na dada ataniua."

Usiku ule alimwambia mumewe kwamba ataufuta mstari wa chumvi. Fundi saa alikuwa akipangusa miwani yake. "Ukiufuta," alisema, "yule hatakuwa dada yako tena. Atakuwa mpishi yeyote. Mpelekee asikie."

Kesho yake Mdokozi alisimama jikoni kwa dada, akasoma mwanzo mpaka mwisho. Dada alikuwa akisugua sufuria. Alisugua, akasugua, kisha akaacha.

"Mimi nikiwa na hasira natia chumvi?"

"Ndiyo, dada."

"Miaka yote mnakula mnanyamaza?"

"Tulikuwa tunakuogopa."

Dada alimkodolea macho. Mdokozi akajua limefika. Lakini mabega ya dada yakaanza kutikisika, kicheko kikampasuka, akalazimika kushika ukingo wa meza. "Kumbe!" alisema akijifuta machozi kwa aproni. "Na yule mteja anayeagizaga maji kabla hata hajakaa! Acha kama ilivyo, mdogo wangu. Mtu akisema umetia chumvi, mwambie aliyetia ni mimi."

Mhariri aliposoma hakugusa kalamu nyekundu. Aliuliza tu aandike jina gani juu. "Mdokozi," akajibiwa.

Jumamosi ile mke na mume walikwenda pamoja kwa muuza magazeti. Mdokozi alifungua ukurasa pale pale kando ya barabara, watu wakimpita. Makala yake ilikuwa juu kabisa, herufi nene, haikukatwa hata neno. Mumewe, mtu wa maneno machache, ndiye aliyemgeukia muuza magazeti na kumwambia kwa sauti iliyosikika ng'ambo, "Huyu ni mke wangu! Hii kaandika mke wangu!"

Wiki hiyo watu walijaa mkahawani. Kila aliyeingia alichungulia dirisha la sahani na kuuliza, "Mama, leo umeamkaje?" kabla ya kuagiza supu. Dada alikuja juu siku ya kwanza. Siku ya pili alitundika kibao mlangoni: LEO SINA HASIRA. Meza zikawa hazitoshi.

Mhariri alitaka makala nyingine, kisha nyingine, kisha akampa Mdokozi kona yake ya kila Jumamosi. Aliandika juu ya mkate wa jana, mayai ya kuchemsha ya stesheni, vyakula vya wagonjwa. Kola hakuziacha, kwa sababu, alisema, bila wale wanawake asingejua lini mashine zinanyamaza. Baadaye mchapishaji wa vitabu akampigia simu, na makala zikawa kitabu chenye jalada la manjano.

Kilizinduliwa mkahawani kwa dada. Mhariri alikuja, akala sahani mbili bila kusema neno. Mshona vifungo alikaa mbele, meno mapya yanang'aa. Dada alizunguka meza na vitabu kwapani akitangaza kwamba asiyenunua hapewi kiti, na fundi saa aliyekuwa akipokea watu mlangoni alikuwa amevaa tai. Mdokozi akapandishwa juu ya benchi asome. Alichagua sura ambayo haikuwahi kutoka gazetini, ile ya siku alipojaribu kumpikia mumewe kwenye kumbukumbu ya ndoa yao na majirani wakaja na ndoo za maji. Sentensi ya kwanza tu, watu wakaangua kicheko. Alingoja watulie, akalowesha kidole, akafunua ukurasa, akaendelea.