Mashanza ya Cito kwenye meza ya madaktari

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni mzee, nimeshapita tisini, naandika polepole na sina faida yoyote ya kuwadanganya. Juzi mmoja wenu alileta uzi akisifu raha ya kwenda kongamano la madaktari na kuonja vyakula vya wenyeji. Nilipousoma, hasira ya zamani ikanipanda upya.

Ni Bukavu, miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wapo. Nilikuwa infirmier, yaani muuguzi, kwenye dispensaire, zahanati ndogo, upande wa Katana.

Madaktari wa kizungu walikutana kwenye hoteli moja mjini kuzungumzia bwaki. Kwa msioijua: ni ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula cha maana. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, na hacheki hata umfanyie vituko gani.

Nikaagizwa nimpeleke mtoto wa kuonyeshwa, jina lake Cito. Mama yake alikuja naye amebeba chungu cha mashanza, maziwa ya kuganda ya kwetu Bushi. Ndicho chakula pekee Cito alichokuwa anameza bila kutapika. Mama hakuwa na ng'ombe. Aliyapata kwa kumlimia shamba mwenye ng'ombe.

Asubuhi Cito akasimamishwa juu ya meza, uchi. Daktari akambonyeza miguu, akatangaza kwa Kifaransa kwamba akina mama wa huku hawajui kulisha watoto, wanawapa bugali mtupu, maziwa hawatoi. Wenzake wakaandika.

Maman Cito akaniuliza, "Papa infirmier, banasema nini?"

Nikamwambia.

Chungu tulikuwa tumekiacha jikoni mwa hoteli, penye baridi. Jioni wakubwa wale walikuwa na karamu: ngoma, samaki wa ziwa, kasiksi ile pombe ya ndizi, eti "meza ya wenyeji". Madame aliyeipanga akaingia jikoni, akafunua chungu, akaonja, akaamuru kipelekwe mezani.

"Madame, ile iko ya mugonjwa," mpishi akasema.

Hakusikilizwa, wakuu! Chakula cha mgonjwa!

Mpishi akatukimbilia uani. Maman Cito akamfunga mtoto mgongoni, akaingia moja kwa moja, mimi nyuma yake. Yule yule daktari wa asubuhi alikuwa anakomba chungu kwa kijiko. Maman Cito akamnyang'anya.

"Asubui ulisema eti simupatiake mutoto maziwa. Njo hii! Iko mu kinywa yako!"

Daktari akaniuliza anasema nini. Nikamtafsiria yote, sikupunguza hata neno.

Wakapiga makofi.

Haki ya Mungu, walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya ngoma. Madame akaniomba nimwambie arudie, maana mwenye kamera hakuwahi kupiga picha.

Sikumwambia. Tulitoka. Uani, Maman Cito akapangusa chungu kwa kidole, akamlambisha mwanawe. Kilichobaki hakikutosha kidole cha pili.

Tangu siku ile, nikikaribishwa chakula cha wenyeji, nauliza kwanza kimetoka kwa nani na yeye kala nini. Nanyi ulizeni, hata kama mtaonekana mnaharibu sherehe.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna wa kuwatetea wale, aje pia, simfukuzi. Ila aanze kwa kunieleza yale makofi yalikuwa ya nini.