Nguo za Buibui

Juzi, nikifagia stoo ya korosho hapa Mkunya, nilikuta ganda la buibui, kavu, na miguu yake yote minane. Nikaweka ufagio chini, nikakaa.

Utotoni, mimi na rafiki yangu Modesta tulifuga buibui mkubwa mwenye manyoya ndani ya kopo la maziwa, tukimlisha panzi. Modesta alikuwa amevuka mto Ruvuma kuja kwetu na shangazi yake wakati wa vita vya Msumbiji. Mama yake alibaki ng'ambo. Mchana mmoja, kijiji kizima kikinuka moshi wa korosho za kuchoma, tulikuta kopo limeanguka. Buibui hayumo, limebaki ganda lake tu. Nililia kama nimefiwa.

"Usilie," Modesta akaniambia. "Kaacha nguo zake. Atazifuata."

Akanivuta ndani, akafungua furushi, akaninusisha kanga aliyopewa na mama yake siku ya kuvuka. "Mama naye kaniachia hii. Ataifuata."

Nilimwamini. Kila siku tuliweka panzi karibu na lile ganda, tukasubiri.

Siku hizi najua kwamba buibui hujivua ganda anapokua, na akishalivua halirudii tena. Vita vilipokwisha, Modesta alirudi kwao juu ya lori, akaacha gauni lake la bluu kitandani kwangu. Watu wa nyumbani walisema kalisahau.

Mimi nililikunja vizuri. Gauni limo sandukuni mpaka leo, na kila mwaka mvua zikiisha nalitoa nalianika juani.