Lawama kwa Kiolezo cha Bure

Karatasi za mifuko minne ya saruji, penseli moja ya seremala, na kibaraza cha duka la Msimbazi alichoshonea miaka tisa: hiyo ndiyo gharama ya wema wa fundi cherehani tuliyemzika juzi. Nimehesabu mara mbili. Hesabu haikubadilika, na kinyaa changu hakikupungua.

Wengi wenu mlimpita bila kumjua. Shule zilipokaribia kufunguliwa na sare hazionekani madukani, alikata kwenye karatasi hizo za saruji violezo vya kaptula na mashati ya saizi zote, akavitundika msumarini kando ya cherehani yake. Anayetaka achukue, anakili, arudishe. Juu ya kila kimoja aliandika kwa herufi kubwa: “Pima mtoto kwanza, ndipo ukate.” Hakutoza senti. Mimi ninayebishania bei ya fungu la mchicha nilimwuliza anapata faida gani. Akacheka: “Ndugu, watoto wakivaa, mimi nimepungukiwa nini?”

Alipungukiwa. Watu hawakunakili kwake. Walinakili kwa jirani aliyenakili kwa shemeji yake, na kila mmoja akapitisha penseli nje ya ukingo. Kufika nakala ya sita, kaptula ya darasa la pili inamtosha mwalimu mkuu. Basi wakamjia. Nilikuwepo mama mmoja alipomtupia kaptula juu ya cherehani.

“Fundi, umeniharibia kitambaa changu!”

“Ulimpima mtoto, mama?”

“Nipime mimi, fundi ni nani? Hebu ifumue, nitaipitia saa kumi.”

Nyuma yake jamaa mwingine akadakia: “Si ujamaa huu, bwana? Basi shona!”

Akafumua. Alifumua za kwao, suruali za wateja waliomlipa zikilala kapuni. Kelele zilipozidi, mwenye duka akamwambia achague: watu hao au kibaraza. Hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu. Akapakia cherehani kwenye mkokoteni, akaenda kushonea uani kwake Ilala, ambako hakupita mteja.

Mtu aliyekupa bure anadaiwa ukweli tu: asikufiche kasoro anayoijua. Hilo alilitimiza kwa herufi kubwa. Kupima ni kazi yako, kitambaa ni chako, na marekebisho unayaomba kwa adabu, ukijua anaweza kukataa. Tumeimba kujitegemea mpaka makoo yakakauka, kumbe wenzetu walielewa ni kumtegemea fundi. Pale makaburini, udongo haujakaa sawa, bwana mmoja alininong’oneza: “Sasa kile kiolezo cha shati la mikono mirefu alichokianza, nani atakimalizia?” Nilihamia upande wa pili wa kaburi.

Mjane wake amenionyesha violezo vyote, vimekunjwa vizuri. Anauliza avitundike mlangoni au avitumie kuwashia jiko. Watoto wanahitaji sare, naye anawaogopa wazazi wao. Ninyi mliochukua, nishaurini: nimwambie nini?