Siri Ilikuwa ya Mtoto

Siku yangu ya kwanza kazini Ngara, Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya alinifundisha jambo moja kabla hajanionyesha meza. Mtoto akikueleza alivyoumizwa, jina lake halitoki nje ya mlango. Huo ndio usiri: kumkinga asiumizwe tena na midomo ya watu.

Nilikuja kuona neno hilohilo likigeuzwa ngao ya wakubwa.

Devota, jina nimelibadili, alikuwa yatima kutoka Keza aliyelelewa katika makao ya watoto ya kanisa. Msimamizi wa makao alimpiga hadi akamvunja mkono, kisha akamfungia stoo. Alinisimulia kwa Kihangaza, kwani Kiswahili kilimkimbia alipoanza kulia. Nilitoa taarifa. Bodi ya makao ikaunda kamati ya uchunguzi kutoka miongoni mwa wajumbe wake, yaani walijichunguza wenyewe. Mwenyekiti wa bodi akatuapisha sote tunyamaze.

Haikupita wiki, sokoni Mbuba watu wakawa wanamtaja Devota, eti mwongo aliyechafua watu wa Mungu. Jina la msimamizi halikusikika popote. Alihamishwa bila maelezo, akachinjiwa mbuzi wa kumuaga.

Miaka ilipita, nami nikahamishiwa Biharamulo. Nilipokwenda kukagua makao mengine ya bodi ileile, aliyenifungulia geti ni msimamizi yule. Akanikaribisha kwa tabasamu. Watoto nyuma yake walikuwa kimya, kimya ambacho watoto hawana.

Mkuu wangu wa kazi alinisikiliza, akashusha pumzi. "Mama, lile suala ni la siri. Uliapa."

"Siri ilikuwa ya mtoto, mkuu. Si ya aliyempiga."

Kwa kuwa ilikuwa yake, nilipanda basi, kisha bodaboda, hadi Keza kumwomba ruhusa. Devota alikuwa mke wa mtu sasa, akipalilia maharage. Aliegemea jembe, akasema, "Nitasema. Ila safari hii watajeni na wao, aliyenipiga na waliomficha."

Nilipeleka shauri polisi, naye akatoa ushahidi faraghani, mahakama ikiwa imefunga milango kama sheria inavyoruhusu. Msimamizi alifungwa. Lakini waliomficha na kumpa watoto wengine hawakuulizwa hata swali moja.

Nimestaafu. Vijana wa ustawi wakija kunisalimu, huwaambia: mkiapishwa, ulizeni kwanza mnamlinda nani. Mwenyekiti yule naye amestaafu. Kanisani hukaa benchi la mbele, na tukitoka hunipa mkono, huniuliza habari za shamba na wajukuu. Hajawahi kuuliza habari za Devota.