Sori ya Kurushiwa Ukiwa Majini

Siku ile naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku mama yangu alipolikataa neno moja mbele ya kijiji chetu kizima cha Mbuchi.

Nilikuwa msichana wa kuchumbiwa. Mimi na mama tulikuwa tunarudi kutoka konde letu la ng'ambo ya mto, mtumbwi umejaa mpunga, chakula chetu cha mwaka. Akapita Shabani, mtoto wa jirani, karudi kutoka Dar na boti la mashine, anajionyesha kwa wenzake. Tulimpigia kelele apunguze. Wapi! Wimbi lake likatupindua. Sisi tuliogelea, mpunga ukazama.

"Sori, mama!" akasema, na huyo akaenda zake.

Tulipofika nyumbani, mjomba wangu, ambaye hapendi maneno hata yakiwa ya haki, akamwambia mama, "Dada, kijana keshasema sori. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mpunga wangu si maji," mama akajibu. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda hadi barazani kwa kina Shabani, watu wametoka kuswali alasiri. Nilimfuata, na moyoni nilifurahi.

"Shabani, sori yako ni ipi? Mtu akikukanyaga mguu, sori. Ukifiwa, sori. Asiposikia ulilosema, sori vilevile. Mimi sikufiwa, na wewe ulinisikia. Kwetu mtu huja mlangoni na mkubwa wake, akalitaja kosa kwa kinywa chake. Nimengoja, hukuja. Haya, nimekuja mimi."

Watu wakaguna: mjane gani huyu, ana makuu! Mama hakusogea. Baba mtu akainamisha kichwa, kisha akamsukuma mwanawe kidogo begani. Shabani akashuka barazani, akachutama.

"Nilikuona, mama. Nilitaka wenzangu wanisifu. Mpunga wako nimeuzamisha mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kesho alfajiri njoo na kafi, hilo boti liache. Kuna upande haujavunwa."

Alikuja, yeye na baba yake, wakavuna nasi mpaka ukaisha.

Mwanangu, sikukatazi sori zako za mjini, sema utakavyo. Lakini ukimtia mtu njaa, usimrushie neno huku unakwenda. Simama, litaje kosa, kisha shika kazi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Na ukikosewa wewe, usiharakishwe kusamehe eti kwa sababu wakubwa wanataka yaishe. Dai haki yako, wakuite mkorofi, wakichoka watanyamaza.

Mola akupe ulimi wa kukiri na shingo ngumu ya kudai, na chungu chako kisikose wali. Amina.