Dume aliyepinga harusi Kajiado

Leo ng'ombe dume amepinga harusi, na mimi ndiye nilimwita.

Niko cyber hapa Kitengela, bado nacheka peke yangu.

Asubuhi bendi yetu ilienda Kajiado kupiga kwa harusi ya Naserian, dadake mpiga ngoma wetu. Nilibeba besi yangu mpya, ile nilichongewa kwa mti wa mukau. Ni nzito, lakini huo mti unanguruma mpaka unausikia tumboni. Nikaunganisha na pedali inayoshusha noti chini kabisa.

Pasta akauliza, "Kuna mtu ako na pingamizi?"

Nikaona nijaze hiyo nafasi na noti moja tu, ya upole. Nikakanyaga pedali.

MUUUUUU!

Jameni, dume akajibu kutoka nyuma ya ua! Akapasua miti ya ua, akaja moja kwa moja hadi kwa spika yangu. Watu wakatawanyika. Mama ya bwana harusi alikumbatia keki akakimbia nayo.

Mzee mwenye ng'ombe akafika mbio, fimbo juu. "Ero, we kijana, zima hilo dume lako!"

Nikazima. Dume akanusa spika, akaona hakuna mtu wa kupigana naye, akafuata mzee wake nje.

Sasa mimi nikaogopa kumwangalia Naserian. Siku yake nimeharibu.

Kumbe amekaa chini, anacheka mpaka machozi.

Pasta akapanguza jasho, akafungua kitabu tena. "Pingamizi limesikizwa, na limekataliwa. Tuendelee."

Wapiga besi wenzangu, hii pedali niibebe kanisa Jumapili ama niiache nyumbani?