Mahali pa Shemeji Kwenye Shwe Hintha

Shemeji yangu Daw Saw Yin hana maneno mengi, lakini akishakata shauri afadhali umpishe njia. Mimi nimekuwa nikimpisha tangu alipoolewa na kaka yangu Tha Dun, na sijajuta, ingawa mgongo wangu wa useremala una malalamiko yake.

Sehemu kubwa ya maisha yake alipika mohinga, ile supu yetu ya samaki na tambi, ndani ya Shwe Hintha, meli ya mvuke iliyotutoa hapa Maubin kutupeleka Yangon na kuturudisha. Jiko lake lilikuwa sitaha ya juu, ubavuni mwa bomba la moshi, mahali ambapo upepo wa mto unapita vizuri, na asubuhi za baridi unaegemea bati lenye joto. Kaka yangu alikuwa mpima kina. Alisimama omo, mbele kabisa ya meli, na upondo wake uliopigwa alama za rangi, akiuchovya majini na kumwimbia nahodha kina cha maji, maana mchanga wa mto wetu leo umelala huku, kesho kule. Zamu ikiisha, alipanda juu kula. Alikula sana na kulipa kidogo, mpaka shemeji akaona bora amkubali tu, hasara iwe ya nyumbani.

Meli yenyewe ilitupita sote kwa umri. Waliijenga Waingereza, na wakati wa vita wakaizamisha kwa mikono yao ili Wajapani wasiipate. Vita vilipokwisha watu wa mto wakaiibua, wakakwangua tope ndani ya boila, ikapiga honi tena. Baba yangu alikuwepo, na alisema watu wazima walilia pale ukingoni. Ilibeba mpunga, bata, maharusi na majeneza. Kisha yakaja madaraja na mabasi, abiria wakapungua, nayo ikafungwa ukingoni chini ya monasteri ikaota majani. Kaka akafariki. Hata matanga hayajapoa, akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu na kamba yake, anaipima.

Shemeji akaanza kuzunguka mjini akiomba watu wachange ili meli isikatwe. Akarudi mikono mitupu. Msidhani sisi ni wachoyo. Mtu wa Maubin atavua bangili za mkewe ili pagoda ipakwe dhahabu, naye mke atamsaidia kuzivua. Lakini meli ina thawabu gani?

"Mwenzangu, hicho chuma kitanifaa nini maisha yajayo?" muuza samaki mmoja alimwambia. "Au unataka nikazaliwe nanga?"

Jioni hiyo shemeji alikuwa anaosha sufuria. Mimi nilikuja kula, kama kawaida yangu.

"Shemeji," akaniita, "nyumba ya kupumzikia wasafiri ina thawabu, haina?"

"Inayo, tena kubwa. Swali gani hilo?"

"Na nani kasema lazima isimame kwenye nguzo?"

Niliacha kutafuna.

Kesho yake akaenda kwa U Nandiya, mtawa mkuu wa monasteri yetu. Mtawa huyu, kabla hajavaa kanzu, alikuwa mchochea moto wa boila ya Shwe Hintha hiyohiyo, na bado ana makovu mikononi. Alimsikiliza shemeji mpaka mwisho, akaagiza aitwe mwenye meli. Huyo alikuwa tajiri wa mpunga, mgonjwa, na ameanza kuyawaza sana maisha yajayo. Akaikabidhi meli kwa monasteri iwe pumziko la wasafiri. Mnunuzi wa vyuma alikuwa bado anakunywa chai dukani.

Hapo ndipo mji ulipofunguka. Wale waliomfungia shemeji milango sasa walikuwa wanagombania milango ya vyumba vya meli. Mmoja analeta mti wa msaji, mwingine rangi, mwingine lami ya kuzibia nyufa, na kila mmoja anataka jina lake lionekane. Mimi ndiye niliyechonga hayo majina. Yako kwenye mabenchi, kwenye ndoo, na mlango wa choo una jina la ukoo mzima. Muuza samaki alitoa reli ya ngazi, akanisimamia kichwani nichonge herufi kubwa zisomeke kutoka ng'ambo ya mto. Nilinung'unika sana, lakini sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile.

Mnajimu akatupangia siku na saa njema. Watu wakafurika ukingoni, maji ya kugawiana thawabu yakamiminwa chini kama desturi yetu. U Nandiya alikuwa ameamua kuhamia melini awapokee wasafiri. Magoti yake mabovu, ngazi kwake ni mateso, kwa hiyo akachagua kukaa sitaha ya chini, karibu na boila yake ya zamani. Tukamtandikia mkeka wake pale. Shemeji akajitwika sufuria ya mohinga, akaenda kwenye ngazi ya kupanda juu, akaweka mguu mmoja. Akasimama.

Sote tukaelewa palepale. Kwetu mwanamke hatembei juu ya kichwa cha mtawa. Hilo halina mjadala. Tulikuwa tumefikiria rangi, lami, mnajimu na hata choo, lakini katika mji mzima hakuna aliyewaza kwamba mtawa akilala chini, juu kumefungwa kwa wanawake wote. Shemeji akashusha sufuria na kuanza kupakulia watu ukingoni.

Siku zikapita hivyo hivyo. Nikajaribu kumshauri.

"Asubuhi Mtukufu akitoka na bakuli lake kupokea sadaka ya chakula, wewe panda upesi."

"Nipande kwa kunyata? Mahali pangu mwenyewe nipaibe?" Akacheka. "Nenda wewe ukakae, halafu uje unisimulie."

Kicheko kile kiliniuma. Aliokoa meli nzima, akakosa kipande kile kimoja alichokitaka.

Ni U Nandiya mwenyewe aliyeniuliza, nikiwa napiga randa benchi la mwisho.

"Pyone, mbona harufu ya mohinga inatokea ukingoni? Mama mfadhili haendi jikoni kwake?"

Nikamwambia. Uso wake ukabadilika.

"Siku zote hizi nimelala hapa nimemzibia njia, na hakuna mwenye mdomo?"

"Hatukuthubutu, Mtukufu."

"Ushujaa wenu wote uko kwenye kuandika majina. Leta kiti."

Tulimbeba wanaume wanne. Ngazi nyembamba, kiti kinagonga kila upande, na yeye mwenyewe si mwepesi.

"Mnabeba mtawa au kabati?"

"Kabati halisemi, Mtukufu."

Hakuishia sitaha ya juu. Alitaka apelekwe kwenye kile kibanda cha usukani kilicho juu ya vyote, na ngazi yake ni ya wima, kiti hakipiti. Basi akainuka, akashika vyuma kwa mikono yake yenye makovu, akapanda kidato kimoja kimoja huku akiguna kwa maumivu. Alipofika alikaa chini ya usukani akitweta, jasho linamtiririka.

Nikainama kwenye reli. Shemeji alikuwa ukingoni, mwiko mkononi, anatutazama kama watu waliorukwa na akili.

"Shemeji," nikamwita, "panda."

Alipanda polepole. Akafika ubavuni mwa bomba la moshi, akalipapasa, akakaa sakafuni, mgongo kwenye bati. Lilikuwa baridi, boila haijawashwa miaka mingi. Hakujali. Alifunika uso kwa viganja akalia, nami nikalia, na wale wenzangu watatu wakajifanya wanakagua kiti.

Kutoka juu ikaja sauti.

"Pyone. Ameketi?"

"Ameketi, Mtukufu."



"Basi nileteeni mkeka wangu na bakuli. Nimehamia huku."